Shangazi, naombwa orodha ya watoto "watakaotuangusha"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini, Kanda ya Ziwa. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ambaye ningeweza kumweleza jambo hili yumo ndani yake: walimu wenzangu, mwalimu mkuu, hata mume wangu, ambaye naye anafundisha shule ya jirani.

Nafundisha Kiswahili na Hisabati darasa la nne. Darasa lina watoto zaidi ya tisini. Wengi wao walianza shule wakijua Kisukuma tu, na Kiswahili wamekikuta kwa mwalimu. Wapo wanaopeleka ng'ombe majini alfajiri ndipo waje shuleni, na msimu wa dagaa ukiwa mzuri viti vya nyuma vinakuwa vitupu. Hayo yote nimeyazoea na nawapenda watoto hawa.

Matokeo ya mwisho ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne yalipotoka, shule yetu ilikuwa ya mwisho katika kata. Kwenye kikao cha wadau wa elimu mwalimu mkuu wetu aliitwa mbele ya madiwani, watendaji na walimu wakuu wenzake, akakabidhiwa kinyago. Ni mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Watu walipiga makofi na wengine walicheka. Aliporudi shuleni alikiweka kinyago kile kabatini, akatuita walimu, akasema jambo hili halitatokea tena.

Tangu siku hiyo sisi ni mitihani tu. Kuna jaribio la kila wiki, mtihani wa mwezi, wa kata, wa wilaya, na wazazi wanachangishwa hela ya rimu na kudurufu. Michezo na kuimba vimeondoka kwenye ratiba yangu. Nafanya na watoto maswali ya miaka iliyopita mpaka wanayajua kwa moyo. Lakini Shangazi, nikibadilisha tarakimu kwenye swali, wapo wanaoniandikia jibu la swali la zamani. Wamekariri kwamba swali lenye picha ya machungwa jibu lake ni 36.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Juzi mwalimu mkuu aliniita ofisini. Usajili wa watahiniwa haujafungwa. Anataka nimwandikie orodha ya watoto "watakaotuangusha", ili warudishwe darasa la tatu kabla hajasajili. Nilipoonyesha kusita akaniambia, kwa upole kabisa: "Mwalimu, hawa wakifanya watapata E, na mwenye E anarudia darasa kwa utaratibu. Mwisho wao ni uleule. Kwa nini watushushe njiani?" Sikuwa na jibu. Nikasema nitaangalia.

Watoto wenyewe nawajua. Yupo mmoja nitamwita Masanja. Jumamosi yuko mwaloni na mama yake, anauza dagaa kwa kopo. Nimewahi kununua kwake: makopo matatu na nusu, nikampa noti ya elfu kumi, akanirudishia chenji kabla sijamaliza kufikiri. Swali la namna hiyohiyo ukimpa kwenye karatasi anaiangalia tu, kwa sababu hawezi kulisoma. Yupo Kabula, ana miaka kumi na tatu, alichelewa kuandikishwa na amekwisha kurudia darasa. Baba yake ameshasema mbele yangu kwamba shule haimfai. Nikimrudisha Kabula darasa la tatu sidhani kama atamaliza mwaka, na sote tunajua msichana wa huku akitoka shule anaelekea wapi. Halafu wapo wadogo wanaobabaika hata kwenye silabi. Kwa hao, kusema kweli, nawaza huenda darasa la tatu lingewafaa. Hapo ndipo akili yangu inapochanganyikiwa. Siwezi kusema mwalimu mkuu amekosea moja kwa moja.

Mume wangu ananiambia andika orodha, usijitie kishujaa, utahamishiwa visiwani. Mama mkwe anaishi nasi na anakwenda kliniki kila mwezi. Mshahara wangu unakatwa mkopo wa nyumba. Nimefikiria kuandika orodha fupi ili yaishe. Nimefikiria kupeleka barua isiyo na jina kwa afisa elimu. Nimefikiria kuomba uhamisho mwenyewe niende zangu. Kila nikiingia darasani najikuta nawahesabu watoto kwa macho: huyu atapita, huyu hatapita. Siupendi moyo huo.

Nifanyeje, Shangazi?

Mwalimu wa Darasa la Nne

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimefurahi kwamba watoto hao wana mtu anayewajua kwa majina na kwa wanavyohesabu chenji. Nami nilishika chaki miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa urefu.

Nikielewa vizuri, unaombwa uandike kwa mkono wako majina ya watoto watakaoondolewa kwenye hesabu kabla hesabu haijapigwa. Unawahofia watoto, unahofia kazi na nyumba yako, na ndani yako unamhurumia aliyekuomba. Zaidi ya yote, hoja yake imekukaa kooni kwa sababu ina chembe ya ukweli. Basi tuanze na hoja hiyo.

"Mwisho wao ni uleule." Ni kweli kwamba asiyefikia kiwango cha chini kwenye upimaji wa darasa la nne hurudia darasa. Lakini fikiria njia mbili hizo zinaacha nini nyuma. Mtoto aliyefanya akashindwa ameacha karatasi yake, alama zake, na namba yake kwenye takwimu za shule, za halmashauri na za taifa. Mtu akiuliza kwa nini shule hii ina watoto wengi wasiosoma, kuna cha kumwonyesha, na mwalimu mkuu ana msingi wa kudai mwalimu wa ziada na vitabu. Mtoto aliyerudishwa kabla ya usajili hakuacha kitu. Shule inaonekana nzuri, na mwakani hakuna atakayeuliza. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe, yaani kutojua kusoma, hajapita popote.

Kuna jambo jingine ndani ya hoja hiyo. Upimaji unafanyika mwishoni mwa Oktoba. Kuanzia sasa mpaka wakati huo kuna miezi, na ninyi wawili mnazungumza kana kwamba alama tayari zimetoka. Unajuaje kwamba Masanja atapata E? Sikuulizi ili nikulaumu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anahesabu na kwamba kinachomkwamisha ni kusoma. Hilo ni tatizo la kitu kimoja, tena kinachofundishika.

Ningependa pia ujue kwamba ombi hili lina historia, na mwalimu mkuu wako hakulibuni. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga hadharani shule zote za msingi kwa ufaulu wa darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za shule zote nchini kuanzia 2011 hadi 2016, wakakuta mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao kweli zilipandisha ufaulu. Wakati huohuo shule zilipunguza watoto waliofika darasa la saba: baadhi walizuiwa wasifikie mtihani. Mambo yote mawili ni ya kweli na yote mawili nayachukulia kwa uzito. Shinikizo liliwaamsha watu waliolala, na shinikizo hilohilo likawafunza watu kuficha watoto. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa, na mimi nilishukuru. Lakini huko chini, kwenye kata na halmashauri, orodha bado inabandikwa na kinyago bado kinakabidhiwa. Kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu kwa sababu ya watoto waliofika shuleni bila Kiswahili ni jambo linaloniuma, nalisema wazi.

Ndiyo maana nakuuliza: umewahi kumwambia mwalimu mkuu haya uliyoniambia mimi? Kwa maelezo yako yeye alizungumza, wewe ukasema utaangalia. Huenda alitoka pale akidhani mmekubaliana. Unamwona kama mtu anayedai orodha. Mimi katika barua yako naona mtu anayeogopa kustaafu na fedheha ile. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea "hapana" tupu, atasikia kwamba nawe umejiunga na waliomcheka. Ukimpelekea kitu cha kwenda nacho kwenye kikao kijacho, mazungumzo yanaweza kugeuka. Sikuahidi kwamba yatageuka.

Na kitu hicho unacho mkononi. Umesema watoto wanatoa jibu la swali la zamani ukibadilisha tarakimu. Huo ni ushahidi mkubwa, mwalimu. Maana yake maswali ya miaka iliyopita hayawafundishi na wala hayapandishi alama. Kila baada ya upimaji Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya wanafunzi kwa kila somo, zinazoeleza watoto walikosea wapi na kwa nini. Zitafute uzisome na mwalimu mkuu, hasa za Kiswahili. Mtoto asiyeweza kuandika silabi hawezi kuipata imla, na asiyesoma hawezi kulielewa swali la maneno kwenye Hisabati, hata ungemfanyisha majaribio kila siku. Nadhani umekuwa ukiona kwamba kuwafundisha kusoma na kuwaandaa kwa upimaji ni njia mbili zinazopingana, na kwamba mwalimu mkuu amechagua moja, wewe nyingine. Kwa watoto hawa huenda ni njia moja.

Ningekuwa mimi, ningemwomba mwalimu mkuu muda kidogo kabla usajili haujafungwa. Ningewaita watoto ninaowahofia mmojammoja, nikawapima kusoma kwa ngazi ambazo watu wa Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, wamezitumia kwa miaka mingi vijijini kwetu: silabi, neno, aya, hadithi. Inachukua dakika chache kwa mtoto. Mwishoni ningekuwa na orodha ya aina nyingine, inayosema nani amekwama wapi. Walio kwenye neno hawafanani na walio kwenye silabi. Kisha ningeomba nusu saa ya kila asubuhi, ile inayokwenda kwenye majaribio, watoto wagawanywe kwa ngazi zao na mwalimu wa darasa la kwanza au la pili asaidie, maana yeye ndiye fundi wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Masanja aanze na bei za dagaa ubaoni, tarakimu anazozijua tayari, kisha maneno yaziingie taratibu. Ugumu wake nauona: una watoto zaidi ya tisini, walimu ni wachache, na wengine watasema unajipendekeza. Na hata ukifanya yote, wapo watakaopata E. Mwalimu mkuu aambiwe hivyo tangu mwanzo, asije akaona umemdanganya.

Kuhusu kurudia darasa, umekuwa mkweli, nami niwe mkweli. Kwa mtoto mdogo aliyepoteza muda kwa ugonjwa au kwa kuhamahama, mwaka mmoja nyuma wakati mwingine humsaidia, iwapo huko nyuma kuna kitu tofauti kinachomsubiri. Darasa la tatu lenye msongamano uleule na somo lilelile litampa kilekile alichopata mara ya kwanza. Uliza pia uamuzi unafanywa kwa ajili ya nani. Ukiwa kwa ajili ya mtoto, mzazi ataitwa, ataelezwa, na mtoto ataambiwa kwa nini na atasaidiwa vipi. Uamuzi unaofanywa ili jina litoke kwenye usajili kwa kawaida hauna mzazi ndani yake. Na kwa nini tumchuje mtoto wa miaka kumi? Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inataka kila mtoto asome miaka kumi ya lazima. Mwalimu Nyerere alikwisha kuandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe na kwamba tupunguze hadhi tunayoipa mitihani. Sisi tuliofundisha enzi zile tuliyasoma maneno hayo vyuoni, na bado nayaona yana kazi.

Sasa zile njia ulizozifikiria. Orodha kamili itakupa utulivu kwa muda, lakini mwandiko ni wako, na siku mzazi au mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akiuliza, itakayotolewa mezani ni karatasi yako. Orodha fupi inavutia zaidi, najua. Kabla ya kuiandika jiulize ungeanza na nani. Naogopa ungejikuta unaanza na watoto ambao wazazi wao hawatakuja kulalamika.

Barua isiyo na jina: shule za vijijini ni ndogo, aliyeandika hujulikana haraka, na lawama itamwangukia mzee huyu kuliko waliomkabidhi kinyago. Hata hivyo yapo mambo ambayo yakitokea hali inakuwa nyingine kabisa, kama mtoto kuandikwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwamba amehama wakati yupo, au majibu kupitishwa chumbani siku ya upimaji. Hapo usinyamaze, na mlango wa uthibiti ubora wa shule upo kwa ajili hiyo. Kuhusu kazi yako, mwalimu mkuu hana uwezo wa kukufukuza kwa kutoandika orodha. Masuala ya nidhamu yana utaratibu wake Tume ya Utumishi wa Walimu, na mwakilishi wa Chama cha Walimu (CWT) anaweza kukushauri kabla mambo hayajachacha. Uhamisho ni hofu ya kweli, sitaidharau. Ukiomba mwenyewe kuondoka kwa ajili ya nyumba yako, hakuna mwenye haki ya kukuita mwoga. Jua tu kwamba orodha hiyo ataombwa atakayekuja baada yako.

Na mume wako. Anakutajia visiwa kwa sababu anakupenda na anaogopa. Lakini naye ni mwalimu, katika mkoa huohuo, chini ya vikao hivyohivyo. Mwulize kwa utulivu kama na yeye amewahi kuombwa orodha, na alifanya nini. Nina hisia kwamba maongezi hayo hamjawahi kuwa nayo, na huenda mkijua mnabeba mzigo mmoja mtaamua pamoja namna ya kuubeba.

Ukifika mahali mwalimu mkuu anasema bado anaitaka, una haki ya kumwambia kwa heshima kwamba mkono wako hauwezi kuiandika. Anaweza kuiandika mwenyewe. Ikitokea hivyo, mwombe jambo moja, kwamba wazazi wa kila aliyetajwa waitwe kwanza, na kamati ya shule ijue.

Kwa Kabula usingoje haya yote yamalizike. Nenda kwao wiki hii, ikiwezekana ukiwa na mwalimu wa kike mwenye umri mkubwa kuliko wewe, maana baba wa namna hiyo humsikiliza zaidi mtu mzima. Usimwanzie na upimaji. Mweleze binti yake anajua nini tayari, mchukulie daftari lake umwonyeshe ukurasa aliofanya vizuri, kisha umwulize amepanga nini kwa mwanawe. Umri wake ukiwa ndio unaomfanya aone haya kati ya watoto wadogo, uliza kwa afisa elimu kata kama kuna darasa la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, karibu nanyi. Lilikusudiwa watoto wa umri kama wake, na kutoka huko hurudi kwenye mfumo wa kawaida.